Kifungu Alichong'ang'ania Mama

Nilizaliwa Tanga, nikakulia Texas, na huko besiboli ikaniteka. Nikawa mrushaji. Timu ilipotaka kunisajili kabla sijamaliza chuo, Mama alikataa katakata nitie sahihi mpaka mkataba uwe na kifungu cha kunilipia masomo nikiacha kucheza. Wenzangu walicheka. Yeye hakujali.

Kifungu kikaandikwa, nikatia sahihi, nikaanzia ligi ndogo. Hizo si zile fahari za kwenye televisheni. Mwaka 2019, sisi wa ngazi za chini tulilipwa dola 290 kwa wiki, tena msimu ukiwepo tu. Usiku tunalala kwenye basi, kesho tunacheza.

Kisha kiwiko. Nilirusha mpira, kitu kikakatika ndani. Vidole vikafa ganzi. Nikafanyiwa upasuaji unaoitwa Tommy John, jina la mrushaji aliyetangulia kufanyiwa mwaka 1974. Kano hutolewa kwingine mwilini, ikawekwa badala ya iliyokatika. Kupona ni mwaka na zaidi.

Sijapona sawasawa, corona ikafunga viwanja. Mwishoni mwa Mei 2020, siku chache baada ya Idi, wachezaji waliachishwa kwa mamia. Simu ikaita asubuhi. Nikashukuriwa kwa mchango wangu. Ikakatwa.

Nilirudi nyumbani. Sikula. Sikuoga. Nililala sakafuni, mkono kifuani. Nilijiuliza kama kuna haja ya kuamka kesho. Nakuambia haya kwa sababu huenda nawe unajiuliza hivyo usiku huu.

Mama hakunihubiria. Alileta uji wa mchele wenye pilipili manga, akaketi pale pale chini, akavuta uradi mpaka nikasinzia. Akafanya hivyo usiku baada ya usiku. Ndipo dada akaja na mkataba, kidole juu ya kile kifungu: nianze masomo ndani ya miaka miwili tangu niache kucheza, la sivyo haki inapotea. Fomu alijaza yeye. Mimi nilitia sahihi tu. Zaidi ya hapo sikuwa na nguvu.

Leo nafundisha anatomia chuoni. Tukifika kwenye kiwiko, nakunja shati wanafunzi waone mshono. Alhamdulillahi. Lakini simu ikiita alfajiri, moyo bado hunipiga.

Ndugu yangu, usikae na usiku huo peke yako. Mwamshe mtu wa kwenu. Kama huwezi kusali, mwombe akusalie. Kama huwezi kujaza fomu, mpe kalamu. Mimi sikusimama kwa nguvu zangu, na sioni haya kusema hivyo.