Yule Aliyebaki Nje

Jumamosi nilisaidia siku ya majaribio kwenye kambi ya watoto ya michezo ya kuigiza na nyimbo. Niliketi mlangoni nikiandikisha: jina, umri, ingia. Mvulana mmoja alisimama nje tangu asubuhi, ameshika mkoba wa dada yake. Saa nane ndipo nikamuuliza, "Kwani wewe huimbi?"

"Naimba, pasta. Hakuna aliyeniuliza."

Nilinyamaza. Mara ngapi nimehubiri 1 Samweli 16! Wana saba wa Yese walipita, lakini Samweli alikataa kuketi mpaka Daudi aletwe kutoka machungani. Mimi nilikuwa nimeketi.

Niliandika jina lake, la mwisho kwenye karatasi.

Mpendwa, kabla hujafunga orodha yako, angalia nje.