Kukodi Bendi Kinindo

Kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto haikuwa na chuo kinachoifundisha, wala haikuandikwa katika orodha yoyote ya kazi za mji wetu wa Bujumbura. Walakini tangu Buyenzi, nilikozaliwa, hata Kinindo, nilikochuma sehemu kubwa ya riziki yangu, watu walijua kwamba mtu akitaka bendi ya kumpigia muziki nyumbani kwake, ikiwa ni kwa arusi, kwa ubatizo, au kwa kuagana na mgeni anayerejea kwao, huja kwangu. Sikuwa mpiga gitaa wala mwimbaji. Nilikuwa mshenga baina ya mwenye karamu na wenye vinanda, na kama mshenga wa posa ilinipasa kujua siri za pande zote mbili, kulinda heshima ya kila upande, na kuona kwamba lililoahidiwa mchana linatimizwa usiku.

Niliingia katika kazi hii kwa nguvu za mgongo. Katika miaka ya 1980, zama za okestra ya Amabano na za sauti ya Canjo Amissi, nilikuwa kijana wa kubeba spika na kukunja nyaya, na kwa kuwa mbebaji hufika kabla ya wote na huondoka baada ya wote, niliona mambo ambayo wageni waliovaa suti hawakuyaona: fedha zilivyopunjwa nyuma ya jiko, wanamuziki walivyosahauliwa wakati wa kupakua chakula, na mwenye nyumba alivyotafutwa kwa ajili ya malipo, wanamuziki wakaambiwa kuwa amekwisha lala. Ndipo nilipoanza kuombwa, kwanza na wanamuziki wenyewe, niwe msemaji wao.

Kisha ikaja Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye akauawa, na vita vikatuingilia vikatukalia miaka mingi. Amri ya kutotoka nje usiku ilizihamisha karamu zote zikawa za mchana. Harusi iliyokuwa ikianza jua likitua ikawa imekwisha kabla ya jua hilo kutua, kila mtu akitazama saa yake kwa hofu. Wanamuziki wengi walitawanyika. Kidum, aliyejulikana kwetu kwa kupiga ngoma za bendi tangu utoto wake, alihamia Kenya mwaka 1995, na ni huko Nairobi alikopata jina kubwa alilo nalo leo. Waliobaki walipiga muziki kwa ujira mdogo sana, na mimi nawaheshimu hata sasa, kwa sababu waliwapa watu wa Bujumbura saa chache za furaha katika siku ambazo furaha ilikuwa adimu kuliko sukari.

Roki ilinifikia kwa njia ya Kinindo. Mtaa huu uko kusini mwa jiji, karibu na Ziwa Tanganyika, na una nyumba kubwa zenye bustani pana. Basi Umoja wa Mataifa ulipoleta ujumbe wake wa amani, ONUB, katikati ya mwaka 2004, wageni wengi walipanga huko, na wageni hao walipotaka karamu hawakuridhika na rumba pekee. Namkumbuka mama mmoja, mwenyeji wa mtaa, aliyenijia akiwa na wasiwasi.

"Mzee," aliniambia, "mpangaji wangu anaondoka mwisho wa mwezi, na ameomba roki tupu. Vijana wako wanaiweza?"

"Mama, usiniamini mimi," nilimjibu. "Njoo mtaa wa Bwiza siku ya mazoezi uwasikilize mwenyewe, ndipo tuzungumze bei."

Akaja, akakaa juu ya benchi baina ya baiskeli na mashine ya cherehani, akawasikiliza vijana waliokuwa wakijifunza nyimbo za Dire Straits na Santana kutoka katika kaseti, wakirudisha kipande kimoja mara nyingi mpaka vidole vikakikariri. Alipoondoka hakuwa na wasiwasi tena, na tangu hapo nikaifanya kuwa kanuni: sikukubali arubuni ya mtu ambaye hajaisikia bendi ikipiga mbele ya macho yake. Rekodi husafishwa na mafundi. Mazoezini hakuna kinachofichika.

Wageni wengine waliniuliza, kwa mshangao usiokuwa na ubaya, Mrundi amejifunzia wapi roki. Niliwaeleza kwamba deni liko upande wao pia. Ngoma zetu zilirekodiwa mwaka 1967 na kutolewa katika sahani ya santuri ya lebo ya Ocora ya Ufaransa, na kutoka katika rekodi hiyo Joni Mitchell alichukua mapigo akayaweka katika wimbo wake wa mwaka 1975; bendi za Uingereza za mwanzo wa miaka ya 1980 zikayafuata mapigo hayohayo, na katika tamasha la kwanza la WOMAD, mwaka 1982, wapiga ngoma wa Burundi walisimama jukwaani pamoja na Echo & the Bunnymen. Kijana wa Bwiza anapoketi nyuma ya ngoma za roki, kwa hiyo, haketi ugenini.

Kwa sababu ya sifa hiyo, wenye karamu wengi walitaka ngoma za asili zifungue shughuli na bendi ifuate. Jambo hilo lilikuwa jepesi zamani, lakini tangu amri ya rais ya mwaka 2017, ngoma, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu, haipigwi kwenye shughuli ya faragha bila ya idhini ya wizara na malipo ya faranga 500,000 kwa hazina ya serikali, na wanawake wamekatazwa kuipiga. Kuilinda heshima ya ngoma nakubaliana nako kwa moyo wote. Lakini nasikitika kwamba harusi ya mtu wa kawaida imepungukiwa na sauti iliyokuwa haki ya kila Mrundi kuisikia, na nasikitika zaidi kwa ajili ya binti zetu.

Katika mambo yote ya kazi yangu, hakuna lililonishughulisha kuliko umeme. Mwenye karamu hufikiri maua, keki na vinywaji, ilhali bendi ya roki huishi kwa umeme kama samaki aishivyo kwa maji, na umeme wa shirika la Regideso hukatika bila ya kuaga. Nilidai jenereta iwepo hata kama taa zinawaka, na mazutu yake yawe yamekwisha nunuliwa siku kadhaa kabla, hasa katika miaka hii ya karibuni ambapo uhaba wa mafuta umewafanya watu wakeshe vituoni. Nilidai pia waya wa bendi utengwe na waya wa friji, kwa maana kila friji inapoanza kunguruma umeme hushuka, amplifaya hulegea, na msikilizaji asiyejua hudhani mpigaji ndiye aliyelegea. Tena nilikagua waya wa ardhini kwa mkono wa fundi, kwa kuwa mwimbaji mwenye midomo juu ya maikrofoni na miguu juu ya majani yaliyolowa anaweza kupigwa na umeme akafa mbele ya bibi arusi. Mahali pa kuiweka bendi nilipachagua mimi: migongo kwa milima, spika zikielekea ziwani, ili sauti iende majini na jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga asinyimwe usingizi.

La pili lilikuwa majina. Julai na Agosti, wakati wa kiangazi ambapo ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada hurudi kuoa na kuolewa, Jumamosi moja huwa na harusi nyingi kuliko bendi, na kiongozi mmoja wa bendi, ambaye sitamtaja, alipokea karamu mbili za saa ileile, akaigawa bendi yake nusu kwa nusu na kuziba mapengo kwa vijana waliookotwa njiani. Bwana arusi alilipia sauti aliyoisikia mazoezini, akaletewa nyingine. Baada ya hapo kila hati yangu ilitaja mpigaji mmojammoja kwa jina na kwa chombo chake, na asiyefika hakulipwa.

Nusu ya ijara ilitolewa siku ya kutia saini, na nusu iliyobaki nilitaka niikabidhiwe mimi kabla ya wimbo wa mwisho. Wako walioniona kuwa mtu mgumu. Lakini mwanamuziki ni mfanyakazi kama mwashi, ana kodi ya nyumba na ada za shule, na kumwambia arudi Jumatatu kufuata haki yake ni kumfanya mwombaji kwa kazi aliyokwisha ifanya.

Tena kuna safari ya wanamuziki ya kurudi kwao. Usiku, viboko hutoka ziwani wakaja kula majani katika bustani na kandokando ya barabara za Kinindo na Kibenga, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini huua. Mtu anayetembea gizani na gitaa mgongoni, masikio yake yakiwa bado yamezibwa na kelele za spika, hawezi kumsikia. Mwenye bustani na taa na wageni mia hayajui haya, kwa sababu yeye analala hapohapo.

Basi wewe msomaji unayejiandaa kumwoza mwanao kwa muziki wa watu walio hai, nakuomba utenge sahani zao kabla wageni hawajaanza kupakuliwa, uwalipe kabla hawajakunja nyaya, na uandike katika mkataba, pamoja na bei na saa, gari litakalowafikisha kila mmoja mlangoni pake.