Redio Mbili Mpakani

Lunga Lunga ni mji mdogo ulio mwisho wa nchi ya Kwale, katika barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Tanga. Ng'ambo ya kizuizi ni Horohoro, nayo ni Tanzania. Wadigo wako pande zote mbili. Huoana na kuzikana, na mpaka uliokatwa na Waingereza na Wadachi mwaka 1886 haukuwauliza neno. Kwa ajili hiyo mtu wa Lunga Lunga amejaliwa jambo ambalo wengi hawakujaliwa: afunguapo redio yake, huzisikia nchi mbili zikinena.

Kijana mmoja, karani wa serikali, alipata likizo akaenda kumwamkia mjomba wake, mzee mkulima wa mahindi na mikorosho. Jioni, baada ya sala ya isha, mzee akatoa redio yake, ambayo hata leo huiita simu ya upepo, akatia mawe mapya. Karani alikuwa amesoma habari za magazeti na redio za ulimwengu, naye akaanza kueleza, kama ilivyo desturi ya waliosoma, kwamba laiti Waafrika wangalifuata njia ya wazungu, wasingalipotezwa na habari za upande mmoja.

Mjomba alimsikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Hiyo njia ya wazungu, mwanangu, ni moja?"

Karani akaona swali limempata. Maana njia za wazungu si moja hata kidogo. Marekani, tangu kituo cha KDKA kilipoanza mjini Pittsburgh mwezi wa Novemba 1920, redio ilikuwa mali ya makampuni, na makampuni hupata fedha kwa matangazo ya wauza bidhaa. Waingereza walikataa njia hiyo. BBC yao, iliyoanza kama kampuni mwaka 1922 na kuwa shirika la umma mwaka 1927, iliendeshwa kwa ada waliyolipa wenye redio kila mwaka, bila matangazo ya biashara. Na televisheni ya biashara haikuingia huko mpaka 1955. Urusi ya Kisovieti nayo ilikuwa na desturi nyingine kabisa: redio na magazeti yalikuwa chini ya chama na serikali, na nyumba nyingi zilitiwa kipaza sauti cha waya, mwenye nyumba asiweze kuchagua kituo.

"Basi wazungu watatu, njia tatu," akasema mzee. "Na sisi hapa mpakani tuliishi baina ya mbili."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Upande wa Kenya, serikali ilichukua shirika la utangazaji mwaka 1964 ikaliita Sauti ya Kenya, na sauti hiyo ilikuwa ya serikali, ingawa ilipokea matangazo ya sabuni na majani ya chai. Lakini magazeti makubwa yalikuwa ya watu binafsi: Standard, lililozaliwa Mombasa mwaka 1902, na Nation, lililoanza mwaka 1960. Televisheni ilifika Nairobi mwaka 1962.

Upande wa Tanzania, mwaka 1965 shirika lililokuwapo lilivunjwa, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Gazeti la Uhuru lilikuwa la chama, na mwezi wa Februari 1970 gazeti la Standard la Dar es Salaam likataifishwa. Unguja walipata televisheni ya rangi katika miaka ya sabini mwanzoni, lakini bara haikuwako mpaka 1994. Serikali iliona kwamba redio humfikia mkulima, na televisheni humfikia tajiri wa mjini tu.

Karani akasema, "Basi, mjomba, yetu ilikuwa bora. Sisi tulikuwa na magazeti ya watu binafsi."

"Magazeti yalifika hapa yakiwa yamefungia samaki," mzee akajibu. "Redio ya Tanzania ilinifundisha kuchimba choo." Naye akasimulia habari za mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Huko ng'ambo watu wazima walikusanyika vikundi vikundi kuizunguka redio, pamoja na kiongozi aliyefunzwa na vijitabu vya kusoma. Wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mzee hakuwa katika kikundi chochote, kwa kuwa alikuwa Mkenya. Alisikiliza peke yake kutoka upande wa pili, akachukua jembe.

Lakini hakuisifu kupita kiasi. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka. Nairobi ikasema kosa ni la Dar es Salaam. Dar es Salaam ikasema kosa ni la Nairobi. Kila redio ilisema kwa uhakika, wala hakuna iliyompa mwenzake nafasi ya kujibu. Mzee alisikiliza zote mbili, kisha akatafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwako tangu 1957, ili asikie wa tatu asiye na ugomvi ule; ingawa, alisema, huyo wa tatu naye ana serikali yake na ana ya kwake.

Mpaka ulibaki umefungwa mpaka mwezi wa Novemba 1983. Katika miaka hiyo, usiku mmoja, redio ya Dar es Salaam ilipokuwa ikisoma matangazo ya vifo, mzee alisikia jina la dada yake, aliyeolewa ng'ambo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Hakwenda kuzika. Alikaa matanga nyumbani kwake, redio ikiwa mbele yake mkekani.

Karani hakujua habari hiyo, ijapokuwa marehemu alikuwa mamake mkubwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Redio ile ile iliyokupotosha juu ya mpaka?"

"Ile ile," akajibu mzee. "Ndiyo maana siitupi, wala siiamini yote."

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu miaka ya tisini nchi zote mbili zimeruhusu vituo vya watu binafsi, na karani mwenyewe alikuwa na simu mfukoni iletayo habari nyingi zaidi kuliko redio zote za zamani. Lakini alipoulizwa na mjomba wake ni nani aliyeandika habari ile aliyokuwa akimsomea, na ni nani aliyemlipa, hakuweza kusema. Habari za serikali zilikuwa na mwenyewe, na msikilizaji alimjua. Nyingi za sasa hazina mwenyewe.

Basi yafaa mkulima na karani washike maswali matatu ya mzee yule: Anenaye ni nani? Anayempa riziki ni nani? Na yule anayesemwa, amepewa nafasi ya kujibu? Hakuna nchi, iwe Marekani au Uingereza, Kenya au Tanzania, iliyopata njia ya kumwondolea raia kazi ya kuyauliza. Kusikia si kuona.

Usiku ule karani alitaka kuzima redio ili mjomba wake alale. Mzee akamzuia kwa mkono. Matangazo ya vifo yalikuwa hayajasomwa.