Kiti kimesogezwa, je kimeshika?

Baba mmoja wa Mbagala alinunua Hiace kuukuu ili familia ilale humo wakisafiri kwenda Songea. Kiti kirefu cha nyuma kikazuia kitanda, akakisogeza mbele nusu mita. Kutoboa sakafu kulichukua dakika chache tu. Lakini pale papya palikuwa na bati tupu, si chuma kinene kama kilipofungwa kiwandani.

"Baba watoto, ukifunga breki ghafla si watang'oka na kiti?" mkewe akauliza.

Kweli, bolti yenye washa ndogo hupasua bati. Fundi wa kuchomelea akamkatia vipande vipana vya chuma, kila bolti ikapata chake chini ya sakafu. Mikanda nayo ikahamishwa, iwashike watoto nyongani na begani, si tumboni na shingoni.

Safari ikaahirishwa wiki mbili. Watoto walinuna, na kitanda bado hakina godoro.