Sanduku la Dawa Lilikuwa Chini Kabisa



Ndugu msomaji, katika kurasa hizi wengi huandika juu ya masomo, nidhamu na safari za ziara. Mimi naomba niandike juu ya kupakia gari. Najua baadhi yenu mtacheka. Nami nilicheka siku baba mdogo aliponiambia kuwa kupakia mzigo ni elimu, na kwamba asiyeijua atafundishwa na pori lenyewe.

Ilikuwa likizo ya Juni 2022. Baba mdogo ni mrina asali, na mwezi huo msimu mkubwa wa asali ya miombo unakuwa umepamba moto. Tuliondoka hapa Kipalapala watu watano, kwa safari ya siku kumi na nne porini, kusini ya Sikonge, mbele ya Ipole. Gari ilikuwa pikapu ya milango minne. Wenye kuzijua watakubaliana nami kuwa bodi la nyuma la pikapu hizo ni fupi, mita moja na nusu hivi kwenda mbele na karibu hivyo hivyo upana. Humo ndani kulitakiwa kuingia madumu nane ya maji ya lita ishirini, dumu la mafuta, unga, maharage, dagaa, sufuria, matandiko, vyandarua, turubai, mashoka, kamba za kushushia mizinga, bomba la kufukizia moshi, ovaroli na kofia za wavu, ndoo tupu za asali, jeki, koleo na tairi la akiba. Na sanduku la dawa.

Nilipewa jukumu la kupakia kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na nilijidai kuwa naweza. Kwa hakika nilipakia vizuri kwa macho. Sanduku la dawa nililitanguliza, nikalisukuma hadi kwenye ukuta wa kebini, nikisema moyoni kitu cha thamani kikae mahali salama. Juu yake nikaweka magunia. Madumu ya maji, kwa kuwa ni mazito na sikutaka kuyainua, nikayapanga mlangoni. Dumu la mafuta nikalichomeka penye nafasi, ubavuni mwa unga. Nikafunga turubai, nikakaza kamba, nikasimama pembeni kama fundi aliyemaliza nyumba.

Baba mdogo alizunguka gari mara moja, akanitazama, hakusema neno. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameyaona makosa akaniacha, au na yeye yalimpita. Sijathubutu kumuuliza.

Kosa la kwanza lilijitokeza tulipoiacha lami. Maji ya madumu nane ni kilo mia na sitini, na kilo zote hizo zilikuwa nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari likawa kama mizani iliyoinama upande mmoja: mkia unashuka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na kwenye mchanga dereva anazungusha usukani gari halimsikii. Tulikwama mara mbili. Jeki ilikuwa chini ya matandiko. Kosa la pili tulilila usiku huo, maana ugali wote ulinuka mafuta. Watu walicheka, nami nikacheka nao kwa aibu.

La tatu halikuchekesha. Siku ya nne, giza likiwa limeingia, mwenzetu mmoja alikuwa juu ya mti akishusha mzinga. Tawi likamsaliti. Hakuanguka kutoka juu sana, lakini panga lilikuwa kiunoni na likamkata muundi wa mguu. Damu ilitoka kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Baba mdogo akapiga kelele, "Leta sanduku la dawa!"

Nilipanda garini. Kwa kuwa kambi yetu ilikuwa ya kuhama kila baada ya siku mbili, mizigo mingi ilikuwa bado juu. Tochi kubwa ilikuwa ndani ya begi, na begi sikumbuki nililiweka wapi. Nilitupa ndoo, nikatupa magunia, nikavuta turubai likanasa kwenye koleo. Huku nyuma namsikia yule kaka anahema. Sikupima muda, ila najua kuwa nilipofika na sanduku mikononi, baba mdogo alikuwa ameshachana msuli wake vipande na kuufunga mguu, amekaa ameukandamiza kwa viganja viwili. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Weka hapo." Asubuhi tulimpeleka Sikonge akashonwa. Alhamdulillahi alipona, lakini kovu lake ni refu, na kila nikimsalimia, jicho langu huenda mguuni.

Tuliporudi kambini baba mdogo alitandika turubai chini, akaniamuru nishushe kila kitu. Halafu hakunifundisha. Aliniuliza tu: "Hiki utakitaka wakati gani? Ukiwa na nani? Kuna mwanga?" Akaenda hivyo kwa kila kitu, hadi jua likawa kali. Maji yakaenda mbele, yakaegemea kebini, chini. Mafuta yakafungwa kona ya nyuma peke yake, mbali na unga, na mbali zaidi na ndoo za asali, kwani asali huvuta harufu upesi. Jeki, koleo na kipande cha ubao cha kuwekea jeki mchangani vikawa mlangoni. Sanduku la dawa likaingia mwisho, juu, upande wa dereva, na bandeji na dawa chache zikatolewa zikawekwa kebini katika mfuko mwingine. Pia akafikiria kurudi: ndoo ya lita ishirini ikijaa asali ina kilo ishirini na nane hivi, nzito kuliko maji, basi kila dumu linapokwisha, nafasi yake mbele ni ya ndoo.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kwihara, jirani zetu, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Nilipoisoma habari yake nilishtuka. Januari 1867, wapagazi wawili walimtoroka na sanduku lake la dawa. Kijana aliyezoea kulibeba kwa uangalifu alikuwa amebadilishana mzigo asubuhi ile ile. Dawa zote zilikuwa humo. Aliishi miaka sita mingine akiugua mara kwa mara, akafa 1873.

Na wenyeji wa njia ile, Wanyamwezi, walikuwa mabingwa wa mizigo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na mbili hivi. Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, ameeleza jinsi robota la vitambaa lilivyofungwa pamoja na vijiti ili liegemezwe mtini, lisilale kwenye unyevu, na mwenyewe aliinue bila kuinama sana. Mimi kilichonigusa ni jambo jingine: katika msafara kila mzigo ulikuwa na mtu wake. Hakuna aliyeuliza shanga ziko wapi. Ziko begani kwa fulani. Kwenye pikapu mizigo yote ni ya gari, ndiyo kusema si ya mtu. Nilimweleza baba mdogo, akafikiri, na tangu hapo kila mtu hupakia vitu vyake kwa mkono wake na kuvishusha mwenyewe. Dawa ni zangu.

Juni iliyofuata tulikwenda tena. Alfajiri, kabla ya kuondoka, yule kaka mwenye kovu alikuja nyuma ya gari, akafumba macho, akaingiza mkono chini ya turubai. Akaligusa sanduku kwa mara ya kwanza. Hakunisifu. Alisema tu, "Haya, na tochi?" Nikamwonyesha, imening'inia kwenye msumari ndani ya mlango. Akaenda kukaa mbele, akavua viatu, na tulipofika Sikonge alikuwa amelala.