Nilinunua lenzi ya kizee, nikaambulia ukungu!

WACHAGGA na Desemba mnatujua wenyewe. Ikishafika tarehe 20 hatushikiki, kila mtu anabeba alichovuna mjini akawaonyeshe watu wa nyumbani. Mwenzenu safari hii sikubeba friji wala seti ya makochi. Nilibeba lenzi ya kamera, tena kizee, iliyotengenezwa kabla baba hajamwoa mama!

Msinicheke. Kule kwetu Marangu, sebuleni kwa bibi, kuna picha moja ya miaka ya 1960. Bibi kigori, kavaa gauni la maua, kasimama kwenye migomba, na nyuma yake Kibo kimejaa barafu hadi mabegani. Picha ile ina ulaini fulani ambao simu zetu za siku hizi haziutoi. Nikajiapiza kwamba lazima nimsimamishe bibi pale pale, nimpige tena kwa lenzi ya enzi zile zile.

Basi nikazama kwenye intaneti. Nikaiona Tessar ya milimita 50, kazi ya Carl Zeiss wa mji wa Jena, Ujerumani Mashariki ile iliyokufa mwaka 1990. Muundo wake ulibuniwa na Paul Rudolph mwaka 1902, una vipande vinne tu vya kioo, na wenyewe waliitangaza kama jicho la tai la kamera. Bei dola 40. Muuzaji, njemba mmoja wa Ulaya, kaandika kwamba kioo ni safi kama machozi. Nikalipa kwa kadi huku nikijiona mjanha wa mji mzima.

Wiki tano baadaye mzigo ukafika, nikalipia ushuru, nikafungua boksi mikono ikitetemeka. Nikainua lenzi kuielekeza kwenye taa. Weee! Ndani mwake kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ukungu! Ule ule unaoota kwenye mkate uliolala. Nikamwandikia muuzaji, kimya. Nikaandika tena, kimya kikuu. Mwenzenu nilikuwa nimeingizwa mkenge mchana kweupe. Wazee walishasema, rahisi ghali.

Ningefanyaje? Likizo imefika, tiketi ya basi ninayo. Nikaitia begini hivyo hivyo, tukaianza safari ya kilometa kama 550 kutoka Dar es Salaam.

Moshi, jamani, ni mji unaotulia moyoni. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na ushirika wa kahawa, KNCU, ulianzishwa mwaka 1933. Asubuhi nikazunguka na kamera karibu na mnara wa saa, nijifunze kwanza.

Na kujifunza kwenyewe kuna kazi. Lenzi hii inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, uwazi wake ni milimita 42, kwa hiyo unahitaji adapta ya kuikutanisha na kamera ya kisasa. Kamera haiitambui kabisa, lazima uingie kwenye mipangilio uiruhusu kupiga picha hata pasipo lenzi. Halafu hakuna cha kujiendesha. Pete moja unazungusha kuvuta umakini, nyingine kupunguza mwanga. Muuza ndizi niliyemwomba picha alinisubiri mpaka akauza vichane viwili. "Kaka, hiyo kamera au redio ya mbao?" akaniuliza. Watu kicheko!

Lakini nikagundua jambo. Ukikawia hivyo, unaanza kumtazama mtu. Kwa simu ningepiga thelathini na nisingekumbuka sura yake. Yule muuza ndizi namkumbuka mpaka kovu la kidevuni.

Jioni nikapanda Hiace, tukapita Himo, tukakata kushoto kupanda mlima. Masikio yanaziba, upepo unakuwa baridi, migomba inafunga barabara pande zote mbili. Marangu ndiko kwao Mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa aliwaongoza Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Mwaustria Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Mzee huyo alifariki mwaka 1996. Kwetu mlima si kivutio cha watalii tu, ni jirani.

"Shimbonyi, bibi! Shikamoo!"

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ni nani kati yao?"

Nikadhani ananitania. Nikataja jina, akanikumbatia.

Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, nikamsimamisha kwenye migomba, pale pale pa zamani. Kibo kile kule nyuma, jua la asubuhi linamgusa shavu. Nikazungusha pete taratibu, nikashika pumzi, nikabonyeza.

Picha ilitoka na ukungu mtupu. Uso wa bibi laini, mlima kama uko nyuma ya pazia la neti. Mimi nikasonya. Bibi akaomba aone. Nikaikuza kwenye kioo cha kamera, akaisogeza karibu na pua, akatabasamu.

"Umeipatia," akasema. "Hivi ndivyo ninavyouona mlima siku hizi. Ule weupe wake nao sikuhizi siuoni vizuri. Macho yamezeeka, baba."

Wapenzi wasomaji, nilihisi ubaridi usio wa Marangu. Kumbe jana hakuwa ananitania. Nikamgeuzia uso kwenye mwanga, nikayatazama macho yake kama nilivyoitazama ile lenzi chini ya taa. Mboni ya kulia ilikuwa nyeupe katikati. Krismasi ngapi nimekuja hapa, nimekula ndizi, nimekunywa mbege, nimepiga picha za simu na kuondoka, bila kumtazama bibi machoni?

Baada ya sikukuu nikateremka naye hadi KCMC. Ni mtoto wa jicho, wakasema. Daktari akanieleza kwamba ndani ya jicho mna lenzi, na hiyo ndiyo iliyoingia ukungu. Wanaitoa, wanaweka mpya ya plastiki. Nikacheka peke yangu. Nimetumia dola 40 kununua lenzi mbovu, kumbe lenzi iliyotakiwa kununuliwa ilikuwa nyingine!

Mwishoni mwa Januari akafanyiwa jicho la kwanza. Kesho yake bandeji ikatolewa, na siku chache baadaye tukamrudisha nyumbani. Akasimama uani, akauangalia mlima muda mrefu. Halafu akaingia sebuleni, akaitoa ile picha ya ujana wake ukutani, akatoka nayo nje, akawa anaangalia picha, anaangalia mlima.

"Kumbe hayakuwa macho yangu," akasema polepole. "Barafu yenyewe ndiyo imekwenda."

Sikuwa na la kumjibu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliposema ameona theluji juu ya mlima huu, wapo wasomi wa London waliosema macho yamemdanganya. Mwaka 1912 barafu hiyo ilipimwa ikawa kama kilometa za mraba 12. Kufikia 2011 hazikutimia hata 2. Bibi alijilaumu bure miaka yote.

Sasa, nawe ukitaka lenzi ya kizee, sikukatazi, ni bomba. Ila mwombe muuzaji akupigie picha lenzi ikiwa imemulikwa kwa tochi kutoka nyuma, uone ndani. Uliza kama pete zinazunguka, na kama vile visu vya ndani vina mafuta. Hakikisha adapta yake inapatikana kwa kamera yako. Kisha ihifadhi pakavu, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, maana ukungu hupenda unyevu.

Yangu sijaisafisha wala kuiuza. Picha ya bibi nimeisafishia, nimeitia fremu, iko ukutani kando ya ile ya zamani. Siku naitundika, bibi aliikazia jicho lake jipya, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, mbona hii ina ukungu? Hiyo kamera yako, walikuibia!"