Mji wa Bagamoyo na Biashara ya Mali Kauli

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Bagamoyo tangu shuleni, kwa ajili ya habari za misafara, na utumwa, na wamisionari wa kwanza. Ni wachache walioambiwa jinsi watu wa mji huo wanavyoishi siku hizi na jinsi wapatavyo riziki yao. Basi mwezi huu twataka kuwaeleza habari hiyo, maana ndani yake mna jambo lifaalo kila nyumba na kila shule.

Mji huu uko kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi kwa barabara ya lami, nao waelekeana na kisiwa cha Unguja. Mgeni ashukapo garini hukuta kwanza maduka mapya na vijana wa bodaboda wakiita abiria. Akifuata njia iendayo pwani huingia mji wa kale, wenye nyumba za mawe na chokaa, na milango ya nakshi, na baraza za kuketi mbele ya nyumba. Nyumba nyingine zimeanguka dari, na mizizi ya miti imepenya kuta zake. Nyingine zimetengenezwa, nazo zina watu na biashara.

Katika karne ya 19 hapa palikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka Ujiji na Tabora, wapagazi wakichukua pembe za ndovu, na pamoja nao watu waliotekwa, ili wavushwe Unguja. Wako wasemao kwamba jina la mji latokana na kubwaga moyo: mpagazi aliubwaga kwa furaha akitua mzigo wake, na mtumwa aliubwaga kwa huzuni akiiona bahari. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni hapo, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa, wakawafundisha kilimo na kazi za mikono. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, ulioletwa na akina Chuma na Susi kutoka nchi iitwayo leo Zambia, ulilala usiku mmoja katika misheni ile kabla ya kuvushwa Unguja. Wadachi nao waliufanya mji huu makao ya serikali yao, lakini mwaka 1891 makao yalihamia Dar es Salaam. Baadaye reli ikatoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914, na biashara ya misafara ikafa. Bagamoyo ukabaki na bahari yake, na minazi yake, na watu wake.

Kwa vitu hivyo vitatu watu wanaishi hata leo. Wako wavunao chumvi ya jua katika mashamba ya chumvi, na wanawake wasukao ukili wa mikeka, na wachongaji wauzao kazi zao kwa wageni. Katika kijiji cha Mlingotini, kusini ya mji, akina mama hulima mwani baharini, wakifunga miche kwenye kamba na kuivuna maji yakipwa. Lakini atakaye kuuona moyo wa biashara ya mji na aende pwani asubuhi, kwenye soko la samaki, vyombo vinaporudi.

Ngalawa na mashua huja zimejaza tanga, na watu huingia majini mpaka kiunoni kuzipokea. Samaki hutandazwa kwa mafungu: changu, kolekole, nguru, taa, pweza. Dalali husimama kati ya watu, akataja bei, na wanunuzi huipandisha neno kwa neno mpaka mmoja akashinda. Kisha fungu la pili, na la tatu, haraka haraka, maana jua halimngoji mtu mwenye samaki mbichi.

Akisimama kidogo mgeni ataona jambo la kumshangaza: si kila achukuaye samaki hutoa fedha. Mama mkaanga samaki hutia fungu lake katika beseni, akajitwika, akaenda zake, na dalali hamwiti. Hii ndiyo iitwayo mali kauli, yaani mali itolewayo kwa neno tu: chukua sasa, ukauze, jioni uniletee fedha yangu. Hapana hati, wala wakili, wala rehani. Rehani ni jina la mtu.

Na tuifuate njia ya fedha ile. Mama hukaanga samaki katika karai, akawauza jioni kando ya njia pamoja na mihogo. Akiisha kuuza, humlipa dalali. Dalali humlipa nahodha. Nahodha huondoa gharama, akagawa yaliyobaki: fungu la mwenye chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia, kila mtu lake. Kila baharia ana nyumba imngojayo. Kwa hiyo mama mmoja asipolipa, haumii mtu mmoja. Sufuria kadha wa kadha hukosa kitu jioni ile, na wenyewe hawajui ni kwa sababu gani. Neno moja lililosemwa asubuhi mchangani limebeba chakula cha watu wengi.

Jaribu kubwa huja wakati wa kusi. Upepo huo huanza kuvuma baada ya mwezi wa Aprili, bahari ikachafuka, na vyombo vidogo haviwezi kwenda mbali. Samaki huwa haba, na bei hupanda. Mama huyu amechukua fungu kwa bei kubwa, na wanunuzi wa jioni wamekuwa wachache. Anarudi nyumbani na fedha ya mwenziwe kifundoni mwa kanga yake. Mtoto ataka daftari, na mzee amelala na homa, hajapata dawa. Fedha iko mkononi, wala hakuna amwonaye. Nani asiyeweza kumhurumia? Lakini akiitumia leo, kesho ataionea haya njia ya sokoni. Atapita njia nyingine, na siku ya tatu beseni lake litakuwa limewekwa chini ya kitanda. Biashara nyingi ndogo hufa hivi, bila kelele.

Wazee wa soko husema kwamba kukosa si aibu, aibu ni kujificha. Mwenye busara huenda jioni ile ile na fedha aliyo nayo, akasema wazi, "Nimeuza nusu, nusu yako hii, iliyobaki uningojee." Dalali atanung'unika, na pengine kesho atampa fungu dogo zaidi. Lakini atampa. Ahadi ni deni, na deni lililosemwa huvumilika kuliko deni lililofichwa.

Ili wasifike katika shida hiyo, wanawake wengi hucheza upatu. Tuseme wanawake 10 wapatana kutoa shilingi 2,000 kila siku. Kila siku mmoja wao hupokea shilingi 20,000, mpaka zamu ikawazunguka wote. Akusanyaye huitwa kijumbe, na hachaguliwi kwa mali wala kwa elimu, ila kwa kuwa hajapata kuonekana akila cha mtu. Hata upatu una jaribu lake, maana aliyepokea siku ya kwanza lazima aendelee kutoa siku tisa asizopokea kitu. Siku hizi fedha huweza kupita katika simu. Njia hiyo ilianza nchini Tanzania mwaka 2008, nayo imewaondolea watu hofu ya kubeba fedha njiani. Lakini simu haiwezi kumlazimisha aliyekwisha kupokea.

Kando ya pwani wako pia mafundi wa vyombo. Hawana ramani ya karatasi. Kipimo kiko katika jicho na mkono. Kwa tezo huchonga ubao, kwa keekee hutoboa tundu la msumari, kisha huziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta. Mwenye chombo hutoa fedha kidogo kidogo, akimwamini fundi, na fundi huendelea akimwamini yeye. Kalafati mbaya haionekani chombo kikiwa nchi kavu. Huonekana usiku, watu wakiwa katikati ya mkondo wa bahari, hapo ambapo fundi hayupo kuulizwa.

Watu wengi wa Bagamoyo ni Waislamu, na Wakristo ni jirani zao tangu zamani. Barazani hunywa kahawa pamoja, na penye msiba huchanga pamoja, wala haulizwi mtu dini yake wakati wa kuchimba kaburi. Hapo barazani ndipo jina la mtu linapopimwa: nani amelipa, nani amekimbia, nani amemsitiri mwenziwe. Mji huu wamkumbuka sana Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa, kutoka nchi ya Manyema katika Kongo. Akajifunza, akafanya biashara ndogo, akapata mashamba ya minazi, akawa mwalimu mkuu wa tarika ya Kadiriya aliyeheshimiwa katika pwani. Aliyeletwa kama mali akawa mwenye mali, na mwenye neno lisikilizwalo. Sisi tulio wa dini nyingine twaweza kumheshimu mtu wa namna hiyo bila shida, na kuwasimulia watoto wetu habari zake.

Ndugu wenye nyumba, mfanyao biashara ndogo, shikeni mambo mawili ya watu wa soko lile. La kwanza, fedha ya mtaji na fedha ya chakula zisilale katika kifundo kimoja. La pili, andikeni, hata kama ni kwa kipande cha penseli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ugomvi mwingi baina ya watu wema ni wa kusahau tu.

Na ninyi walimu, msiwafundishe watoto hesabu za vitu wasivyoviona kamwe. Wapeni hii: Mama amechukua samaki wa shilingi 30,000 kwa mali kauli. Mafuta na kuni amenunua kwa shilingi 6,000 za kwake. Jioni ameuza kwa shilingi 45,000. Amlipe nani kwanza, na faida yake ni kiasi gani? Wakiisha kujibu, waulizeni na hili, mkawaache wajibizane wenyewe: Kama ameuza kwa shilingi 20,000 tu, jioni ile aende wapi, na akifika aseme nini?